Ubora Uanzie Karakanani: Mwongozo Kamili kwa Vyuo vya Ufundi na Vyuo Vikuu vya Mombasa

Fundi mkuu wa hoteli moja ya Bamburi aliniambia maneno ambayo hadi leo hayajanitoka. Tulikuwa tumeketi nyuma ya jiko, mashine za viyoyozi zikinguruma ukutani, naye akaweka kikombe chake cha kahawa chini. “Mwalimu, usinikasirikie. Vijana wako wana adabu na wanawahi kazini. Lakini sijampata hata mmoja wa kumpa kiyoyozi akakifunge peke yake, nami nikaenda kuswali roho yangu imetulia.”

Wiki hiyo hiyo chuo nilichokuwa nikifundisha kilikuwa kimemaliza kupanga mafaili ya ukaguzi. Yalikuwa mafaili safi: maazimio ya kazi, mahudhurio, kumbukumbu za mikutano, kila kitu mahali pake. Hakuna hata moja lililoweza kumjibu yule fundi.

Ninawaandikia wakuu wa idara, wakufunzi na maafisa wa ubora wanaojikuta hapo nilipokuwa. Kwangu mimi ubora wa mafunzo ni kuwa na ushahidi kwamba mhitimu anaweza kuifanya kazi bila kusimamiwa. Mafaili yana kazi yake, lakini yafuate nyuma.

Ijue milango ya kubisha

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya ufundi, kuidhinisha kozi na kuwapa wakufunzi leseni. Sheria hiyo hiyo ililizaa baraza la CDACC, linaloandaa mitaala ya umilisi, yaani inayopima kama mtu anaweza kuifanya kazi, kutahini na kutoa vyeti. Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwa sheria ya mwaka 2012. KNQA, mamlaka ya sifa za kitaifa, hupanga ngazi za sifa zote nchini: stashahada ya ufundi iko ngazi ya 6, shahada ya uzamifu ngazi ya 10. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hupima mafundi kwa madaraja, kuanzia la 3 hadi la 1, wakiwemo waliojifunzia gereji bila kukanyaga darasa. Zile politekniki za vijana zilizoko mitaani ni jukumu la kaunti kwa Katiba ya mwaka 2010.

Anayefunza mabaharia ana mlango mmoja zaidi. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaoweka viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, unadai tathmini huru ya mfumo wa ubora kila baada ya muda usiozidi miaka 5. Kwa mji wa bandari kama wetu hilo si jambo dogo, maana cheti cha baharia husomwa na nahodha asiyekijua chuo chako wala hatakifahamu kamwe.

Hatua ya kwanza: chagua kozi moja

Usianze na chuo kizima. Idara sita zikiamriwa kurekebisha kila kitu muhula mmoja, zitarekebisha karatasi. Chukua kozi moja yenye wanafunzi wa kutosha, yenye malalamiko, na yenye mkufunzi mmoja angalau anayetaka mambo yabadilike. Huyo wa tatu ndiye muhimu kuliko wote.

Sisi tulichukua ufundi wa majokofu na viyoyozi, nami nitaitumia kozi hiyo kama mfano hadi mwisho. Mombasa ina joto na chumvi ya bahari. Hoteli za Nyali na Bamburi, vyumba baridi vya samaki, makontena ya baridi ya Kilindini, hata duka la dawa la mtaani, wote wanamtaka fundi huyu.

Hatua ya pili: mwendee anayewapokea wahitimu

Fomu ya maswali ukiituma kwa barua pepe haitarudi, na ikirudi itakuwa imejazwa na karani. Nenda mwenyewe, ukamtafute fundi anayesimama na kijana siku nzima. Meneja wa wafanyakazi atakupa sifa nzuri na chai, lakini hajui kijana wako hushika spana vipi.

Chagua wakati. Desemba hoteli zimejaa na hakuna wa kukusikiliza. Ijumaa adhuhuri usiende kabisa. Msimu wa mvua za masika, kati ya Aprili na Juni, wageni hupungua na mafundi hupata nafasi. Ndipo wanapokarabati mashine zao na ndipo watakapokufungulia moyo.

Uliza maswali matatu, kisha nyamaza. Ni kazi gani unayoweza kumwachia mhitimu wetu siku ya kwanza? Ni kazi gani usiyothubutu kumwachia? Ni kitu gani kimeingia kazini miaka ya karibuni ambacho vijana wanakuja hawakijui?

Swali la tatu ndilo lililotuzindua. Karakana yetu ilikuwa ikifundishia mashine za gesi ya kupozea ya R22 peke yake. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987: nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilianza kuibana mwaka 2013, na kuanzia 2030 kitakachobaki ni kiasi kidogo cha kukarabatia mashine za zamani hadi 2040. Viyoyozi vipya vinakuja na gesi za R410A au R32. Presha ya R410A ni kama mara 1.6 ya ile ya R22, kwa hiyo geji za zamani hazifai. Na R32 inaweza kushika moto. Mwanafunzi wetu alikuwa akifaulu vizuri katika ufundi unaokwisha.

Hatua ya tatu: andika orodha ya kazi

Chukua kiwango cha kazi kilichoidhinishwa pamoja na mtaala wake, uviweke kando ya maneno ya mafundi. Andika kwenye ukurasa mmoja kazi ambazo mhitimu lazima azifanye peke yake. Ziwe kazi kamili, zenye mwanzo na mwisho. “Kuelewa mzunguko wa gesi” siyo kazi. “Kufunga kiyoyozi cha ukutani, kukipima uvujaji, kukitia gesi na kumkabidhi mwenye nyumba” ni kazi.

Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na kazi 14. Nilipoirudisha kwa mafundi, mmoja alifuta mbili na kuongeza moja kwa kalamu yake: kuosha koili iliyoliwa na chumvi bila kuyavunja mapezi yake. Pwani hiyo ni kazi ya kila wiki, na kwetu ilikuwa haifundishwi.

Mtaala ulioidhinishwa huwezi kuubadilisha ovyo, wala usijaribu. Unachoweza ni kuchagua mifano, mazoezi na vifaa ndani yake, na mapengo makubwa kuyaandikia rasmi baraza husika. Mitaala ya umilisi inapaswa kuandaliwa pamoja na wenye viwanda. Barua yenye ushahidi kutoka kwa waajiri wanne wa mji mmoja ina uzito.

Hatua ya nne: piga hesabu ya vifaa na saa

Vyuo vingi huiruka hatua hii, na hapa ndipo ubora unapovuja. Sisemi mwandike “vifaa havitoshi”. Pigeni hesabu.

Tuseme darasa lina wanafunzi 24 na karakana ina pampu 2 za vakyumu, zile za kuvuta hewa yote itoke kwenye paipu. Kipindi cha vitendo ni saa 3 kwa wiki. Kuunganisha paipu, kuvuta hewa na kusubiri uone kama vakyumu inashika, kwa mwanafunzi anayejifunza, huchukua saa nzima. Pampu 2 kwa saa 3 ni wanafunzi 6. Ili kila mmoja aifanye mara moja, unahitaji vipindi 4. Ili aifanye mara 3, na chini ya hapo mkono haujazoea, unahitaji vipindi 12. Muhula wako una wiki 12. Kazi moja kati ya 13 zilizobaki kwenye orodha imekula muhula mzima!

Hapo utajua kwa nini vijana wako husimama nyuma ya migongo ya wenzao wakitazama. Mkufunzi si mvivu, ila hesabu haikubali.

Suluhisho si lazima liwe pesa nyingi. Ligawe darasa makundi mawili, moja karakanani na jingine kwenye nadharia. Fungua karakana Jumamosi asubuhi. Panga vituo vinne, kila kundi dogo lifanye kazi tofauti, kisha mzunguke. Andikiana mkataba na gereji au hoteli iwape vijana zamu ya mashine zake. Pesa ikipatikana, nunua kile kinachokwamisha hesabu, usinunue kinachopendeza machoni mwa wageni. Na usikubali kompresa ya jokofu bovu igeuzwe pampu ya vakyumu: haivuti vya kutosha, na kijana atatoka na kosa akidhani ni ujuzi.

Hatua ya tano: isafishe tathmini

Kama una nguvu za kufanya hatua moja tu, fanya hii. Mafunzo hafifu yenye tathmini ya kweli hujitambua na kujirekebisha. Mafunzo mazuri yenye tathmini ya uongo huharibika polepole, na hakuna anayejua.

Kwanza, kwa kila kazi kwenye orodha tengeneza karatasi ya kutazamia, yenye hatua ambazo jicho linaweza kuziona. Kisha zitenge hatua za lazima. Hizi hazina alama za kujumlisha: ukikosa moja, bado hujamudu, hata kama mengine yote umeyafanya kwa ustadi. Kwa kiyoyozi, za kwetu ni hizi: kuzima umeme na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umezimika, kuvaa miwani na glavu, kupima uvujaji kwa naitrojeni, kamwe si kwa oksijeni, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa presha hulipuka, na kuvuta vakyumu chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), kisha kufunga valvu na kuangalia kama inashika. Zamani tulikuwa tukimpa alama 72 kijana aliyeanza kufungua waya za moto. Alama 72! Leo nikikumbuka natetemeka.

Pili, walinganisheni watahini. Mrekodi mwanafunzi mmoja kwa simu akifanya kazi nzima, kwa idhini yake. Wakufunzi watatu waitazame video, kila mmoja ajaze karatasi yake bila kusemezana na wenzake, kisha mzilaze mezani. Mara ya kwanza tulitofautiana vibaya: mmoja alimfaulisha, wawili walimkatalia. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na ulitufaa kuliko warsha yoyote niliyowahi kuhudhuria, maana tuligundua kwamba maneno “safi na nadhifu” kwenye karatasi yetu kila mtu aliyasoma kivyake. Tuliyafuta tukaandika: kingo za shaba hazina mikwaruzo, nati imekazwa kwa spana ya kipimo. Rudieni zoezi hili kila muhula.

Tatu, aliyefundisha asiwe mtahini wa peke yake. Wekeni mhakiki wa ndani anayechukua sampuli. Asichukue kila jalada la tano kwa kufuata mstari; achukue kwa kufuata hatari: kazi zote za mkufunzi mgeni, wote waliofaulu kwa chupuchupu, wote waliokosa kwa chupuchupu, kisha wachache kati ya waliobaki. Afungue majalada ya ushahidi na kuzitazama picha kwa makini. Nimewahi kuona kiyoyozi kimoja, chenye doa moja la rangi, katika majalada ya vijana wanne. Tangu hapo kila picha huwa na kibao chenye jina na tarehe, na uso wa mwenyewe uonekane.

Nne, jambo la lugha. Kijana wa Kisauni anaweza kumweleza fundi kwa Kiswahili kila kitu anachofanya, kisha akakwama kwenye swali la Kiingereza. Mtahini ajiulize: ameshindwa na kazi au ameshindwa na lugha? Pale kanuni zinaporuhusu, muulize kwa Kiswahili. Pasiporuhusu, mfundishe istilahi zote mbili tangu wiki ya kwanza, ziandikwe sambamba kwenye ukuta wa karakana.

Hatua ya sita: mafunzo ya kazini

Wanafunzi huyaita atachimenti, na vyuo vingi huyachukulia kama likizo yenye daftari. Mambo matatu hutosha kuyanyoosha. Mpeleke kijana mahali penye kazi zilizo kwenye orodha yako. Aliyetumwa miezi mitatu kupiga fotokopi hakwenda mafunzoni. Mpe msimamizi wake wa kazini nakala ya orodha hiyo, aweke sahihi na tarehe kando ya kila kazi iliyofanyika mbele ya macho yake. Na mkufunzi amtembelee mapema, wiki ya pili au ya tatu, wakati bado kuna nafasi ya kumhamisha.

Angalia pia msimu. Mwanafunzi wa upishi au wa huduma za vyumba akipelekwa hotelini katikati ya masika, atafagia vyumba vitupu. Fundi wa viyoyozi yeye atafaidi kipindi hicho hicho. Kalenda ya chuo isiwatume wote kwa pamoja.

Hatua ya saba: msikilize mwanafunzi

Fomu ya maoni isikusanywe na mkufunzi anayezungumziwa. Mtu wa idara nyingine aingie darasani, mwenye darasa atoke, vijana waandike bila majina. Maswali yawe machache: wiki hii ulishika kifaa mara ngapi? Ni somo gani uliondoka nalo hujalielewa? Ungekuwa wewe mkufunzi, ungebadilisha nini kesho?

Majibu mengine hayatahusu ufundishaji. Tuliambiwa kwamba kipindi cha saa moja na nusu asubuhi kiliwakosesha vijana wa Likoni mwanzo wa somo karibu kila siku, kwa sababu ya foleni ya feri, na mwanzo wa somo ndipo maagizo ya usalama yalipotolewa. Tukachelewesha vitendo kwa saa moja. Ramadhani tuliziweka kazi za kuchomelea na za juani asubuhi, nadharia ikaja baadaye. Hayo hayakugharimu hata shilingi.

Na ukikusanya maoni, rudi uwaambie mmefanya nini, hata kama ni “hili hatuwezi, na sababu ni hii”. Ukikaa kimya, mwaka ujao watakuandikia “sawa sawa” kila mstari.

Hatua ya nane: wafuate wahitimu

Mpigie kila mhitimu miezi 6 baada ya kumaliza, na tena miezi 18. Chukua namba yake kabla hajaondoka, pamoja na namba ya mzazi au ndugu, maana vijana hubadilisha laini. Mwombe idhini ya maandishi. Ukitegemea idhini yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uweze kuithibitisha, na heshima pia inadai. Muulize: unafanya kazi gani? Inahusiana na ulichosomea? Ni kitu gani chuoni kimekufaa zaidi? Ni kitu gani ulilazimika kukijifunza upya?

Anayepiga awe mkufunzi anayemfahamu. “Ndiyo mwanangu, habari za tangu tuachane?” hufungua mazungumzo ambayo karani hawezi kuyafungua. Waliokosa kazi wapigiwe kwa moyo ule ule. Wengine watakwambia kwa uchungu kile ambacho waliofanikiwa wamekisahau. Wasiopatikana wahesabiwe na waandikwe hivyo. Usiwatoe kwenye hesabu ili asilimia ipendeze.

Hatua ya tisa: ukurasa wa marekebisho

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa ndipo karatasi inapofaa, na iwe moja. Safu sita: dosari, chanzo chake, tutafanya nini, nani, lini, na tutajua vipi kwamba imekwisha. Dosari zisizidi tano kwa muhula. Jina liwe la mtu. Ukiandika “idara”, hakuna atakayeshughulika.

Safu ya chanzo isijazwe haraka. “Wanafunzi hawawezi kuvuta vakyumu.” Kwa nini? Hawakufanya mazoezi. Kwa nini? Pampu moja imekufa. Kwa nini? Mafuta yake hayabadilishwi. Kwa nini? Mtunza karakana hana bajeti ndogo ya matengenezo, kila chupa ya mafuta hupitia ofisi ya ununuzi. Basi dosari yenu haiko darasani, na kumpeleka mkufunzi semina kusingeitibu.

Kwa walio chuo kikuu

Katika mji huu mpaka kati ya ufundi na elimu ya juu ni mwembamba. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya kuwafundisha Waislamu ufundi, kikawa politekniki mwaka 1972, kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Kwa hiyo hatua za hapo juu zinafaa kwa mwenyekiti wa idara ya uhandisi kama zinavyomfaa mkufunzi wa chuo cha mtaani. Naongeza mawili.

Chukua mtihani wa mwaka jana uchore jedwali: maswali upande mmoja, malengo ya kozi upande mwingine. Weka alama pale swali linapopima lengo. Mara nyingi utakuta malengo mawili yamepimwa mara nne na mengine hayajaguswa, na utakuta “taja” na “eleza” nyingi pale mtaala ulipoahidi “sanifu” na “changanua”.

La pili ni mtahini wa nje. Mkimwita mitihani ikishasahihishwa, kilichobaki kwake ni kutia sahihi. Mpelekeeni maswali na mwongozo wa kusahihisha kabla ya mtihani, kisha ripoti yake ya mwaka uliopita isomwe kwenye kikao cha idara, mapendekezo yake yakiingizwa kwenye ule ukurasa wa marekebisho kwa jina na tarehe.

Wakaguzi wakija

Wapokeeni kwa ukurasa huo, pamoja na ule wa muhula uliotangulia. Waonyesheni dosari mliyoiona wenyewe, mlichofanya, na ambacho bado hakijafaulu. Kisha wapelekeni karakanani, wamchague mwanafunzi yeyote wampe kazi yoyote kutoka kwenye orodha.

Kozi ya kwanza ikishazunguka mwaka mzima, chagueni ya pili. Sisi tulikwenda kwenye upishi. Kikao cha kwanza aliongoza mkufunzi wa viyoyozi, akiwa na karatasi yake ya kazi 14 iliyochakaa pembe, ile yenye mwandiko wa fundi juu yake, na wapishi wakaanza kumuuliza waende hoteli gani kwanza.